Fedha za Mjomba na Jina la Ford

Jumapili tatu zilizopita nilikwenda Bagamoyo kumjulia hali mjomba wangu, na kabla sijamaliza dafu nililokaribishwa nilitwishwa swali ambalo nimekuwa nikilibeba tangu siku hiyo. Mjomba alistaafu ualimu mwaka juzi. Kiinua mgongo chake, baada ya kuezeka nyumba na kulipa madeni ya hapa na pale, kimebaki kiasi cha kutosha kununua gari moja la mizigo lililokwisha kutumika. Nia yake ni kuchukua mananasi Kiwangwa, kuyateremsha Dar es Salaam, na kurudi na bidhaa za maduka. Amempata mtu anayeuza pikapu aina ya Ford Ranger ya mwaka 2008, safi kwa macho, kwa bei ambayo mjomba anasema hataiona tena maishani mwake.

"Wewe ni mtu wa magazeti, mpwa wangu," akaniambia. "Unasoma mambo ya dunia. Niambie, Ford ni gari?"

Kabla sijafumbua kinywa, mkaza mjomba, aliyekuwa akishona pale barazani, alisimamisha cherehani yake. "Mwulize vizuri," alisema. "Mwulize kama Ford ni gari la Bagamoyo."

Hayo, msomaji, ni maswali mawili tofauti, na fedha za uzeeni za watu wawili zilikuwa zinangoja majibu yake. Nikaomba nipewe muda.

Imani ya mjomba kwa Ford haikutoka vitabuni, bali redioni. Mwaka 1972, alipokuwa mtoto wa miaka kumi, Hannu Mikkola wa Finland na mwenzake Gunnar Palm wa Sweden waliyashinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Ford Escort, wakawa watu wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuyashinda tangu yalipoanza mwaka 1953. Watoto wa mtaa mzima, anasimulia, waliunda Escort za waya na makopo, wakakimbizana nazo mpaka ufukweni. Kabla ya hapo Ford ilikwisha kushinda kwa Zephyr mwaka 1955, kwa Cortina mwaka 1964, na kwa Taunus, ambayo ni Ford ya Ujerumani, mwaka 1969. Ikashinda tena kwa Escort mwaka 1977, usukani ukiwa mikononi mwa Björn Waldegård. Mjomba anazijua tarehe hizi kama anavyozijua siku za kuzaliwa watoto wake. Na kwa ushahidi wa mkewe, anazijua zaidi.

Lakini gari la mashindano lina mafundi wake wanaolifuata na vipuri mkononi. Gari la mananasi lina mjomba peke yake.

Nilianza uchunguzi wangu mbali kidogo. Jina la Kimarekani lililotangulia kujulikana katika pwani hii lilikuwa jina la nguo. Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na merikebu kutoka Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikawa zikileta Unguja nguo ya pamba, nzito na imara, ambayo wazee wetu waliiita merikani. Misafara iliyoondoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba majora ya merikani kama sisi tubebavyo noti. Kwa merikani msafiri alinunua chakula njiani, alilipa hongo kwa watawala wa nchi alizopita, na aliwalipa wapagazi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba iliadimika, na nguo za Uingereza na za Bombay zikaingia mahali pake. Jina, hata hivyo, halikuondoka. Watu waliendelea kusema merikani hata kwa nguo ambayo haikupata kuiona Marekani. Nakuomba, msomaji, ulihifadhi jambo hili. Tutalihitaji tutakapofika Gerezani.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, nao ulikwenda kichwani au begani kwa miezi mitatu, pengine zaidi, hadi Ujiji. Hiyo ndiyo iliyokuwa pikapu ya Bagamoyo.

Misafara hiyo ikiwa imeshamiri, mwaka 1863, Henry Ford alizaliwa katika shamba karibu na mji wa Detroit, jimbo la Michigan. Baba yake alikuwa mkulima aliyehamia huko kutoka Ireland. Kijana hakulipenda jembe. Alipenda saa mbovu na injini za mvuke. Alipokuwa mtu mzima aliajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, na usiku akawa akiunda kigari chake katika banda lililokuwa nyuma ya nyumba aliyopanga. Kilipokamilika mwaka 1896 aligundua kwamba mlango wa banda ni mwembamba kuliko kigari, ikambidi achukue shoka na kubomoa ukuta. Nilipomsimulia mkaza mjomba kisa hiki alicheka sana, kisha akamtazama mumewe kwa jicho ambalo nadhani kila mwanamke aliyeolewa na mwanamume mwenye mipango analijua.

Kampuni mbili za kwanza za Ford hazikumfaa. Moja ilivunjika, ya pili aliiacha mwenyewe, na baada ya kuondoka kwake ikageuka kuwa Cadillac. Ya tatu iliandikishwa tarehe 16 Juni 1903, ikiwa na fedha taslimu dola 28,000 tu, na ndiyo hii iliyopo hata leo.

Gari lililoipa kampuni hiyo jina lilitoka tarehe 1 Oktoba 1908, likaitwa Model T. Inafaa tukae nalo kidogo, kwa kuwa ndilo jibu la nusu ya swali la mjomba. Liliuzwa dola 850 wakati magari mengi yalikuwa vitu vya matajiri. Lilisimama juu kutoka ardhini, kwa sababu njia za wakulima wa Marekani wakati huo zilikuwa matope na makorongo kama njia za Rufiji wakati wa masika. Chuma chake kilikuwa chepesi lakini kigumu. Halikuwa na pampu ya petroli; tangi lilikaa chini ya kiti cha dereva na mafuta yaliteremka yenyewe hadi kwenye injini, kama maji yanavyoteremka kutoka pipa lililowekwa juu. Kwa hiyo dereva aliyekuta mlima mkali huku mafuta yamepungua aligeuza gari na kuupanda kinyumenyume. Watu walilicheka, wakalitungia mizaha isiyohesabika, wakalinunua. Mkulima mwenye spana, koleo na kipande cha waya aliweza kulitengeneza uani kwake, na kipuri cha gari moja kiliingia katika jingine bila kuchongwa.

Kwa nini jambo la vipuri ni kubwa namna hii? Kwa watu wa Dar es Salaam mfano tunao. Tarehe 10 Agosti 1907, mwaka mmoja kabla ya Model T, Mjerumani Paul Graetz aliondoka mjini humu kwa gari lililoundwa kwa makusudi katika mji wa Gaggenau nchini kwao, akikusudia kulivuka bara la Afrika. Alifika Swakopmund, katika pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909, baada ya siku 630. Siku nyingi kati ya hizo gari lilikuwa limesimama, likingoja vipuri na mafuta. Naam, safari ya kwanza ya gari kulivuka bara hili ilianzia mlangoni petu, na tangu siku hiyo tunajua kwamba gari haliendi mbali kuliko kipuri chake.

Mwaka 1913, katika kiwanda chake cha Highland Park, Ford alianza kulipeleka gari kwa mfanyakazi, badala ya mfanyakazi kulizunguka gari. Kazi ya kuunganisha fremu na mitambo yake, iliyokuwa ikichukua saa kumi na mbili na nusu, mwaka uliofuata ilichukua dakika 93. Bei ikateremka mwaka hadi mwaka hata ikawa chini ya dola 300. Uundaji wa Model T ulipokoma mwaka 1927, zilikuwa zimetoka milioni 15.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi mnaoondoka majumbani alfajiri na kurudi usiku, maana sifa za Ford husimuliwa zaidi kwa upande wa mnunuzi kuliko wa mfanyakazi. Kazi ya mstari ule ilichosha akili. Mtu alikaza boti moja ile ile kutwa nzima, na watu waliacha kazi kwa wingi mno, hata mwaka 1913 kampuni ikawa inaajiri mara kadhaa ya idadi iliyohitaji ili kuziba mapengo tu. Tarehe 5 Januari 1914 Ford alitangaza ujira wa dola tano kwa siku ya kazi ya saa nane, takriban mara mbili ya ujira wa awali. Dunia ilistaajabu, na hata leo wasomi humsifu kwa hilo. Sharti lake husimuliwa mara chache. Kampuni iliunda idara ya kuwachunguza wafanyakazi majumbani mwao. Wakaguzi walibisha hodi, wakauliza kama baba ni mlevi, kama anaweka akiba, kama nyumba inafagiliwa, kama kuna wapangaji waliolundikana. Aliyeonekana hana mwenendo mwema hakupewa dola tano kamili mpaka ajirekebishe. Fikiri, msomaji, mkaguzi wa kazini kwako anafunua chungu jikoni ili ajue kama unastahili mshahara wako!

Wala mkono huo haukulegea upesi. Mwaka 1932, wakati wa dhiki kuu, watu wasio na kazi waliandamana hadi kiwanda cha Ford cha Dearborn wakapigwa risasi. Wanne walikufa papo hapo. Mwaka 1937 walinzi wa kampuni waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi mbele ya wapiga picha wa magazeti. Mpaka mwaka 1941, baada ya mgomo, ndipo Ford alipokubali kufanya mkataba na chama hicho, akiwa wa mwisho kati ya makampuni makubwa matatu ya magari. Mzee huyu pia alikuwa na gazeti, na katika miaka ya 1920 lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi. Aliomba radhi mwaka 1927; lakini mwaka 1938 alipokea nishani ya serikali ya Hitler. Mtu aliyemrahisishia kabwela usafiri ndiye huyo huyo. Mjomba alinyamaza niliposoma sehemu hii, kisha akasema kwamba yeye hanunui moyo wa mzee, ananunua pikapu.

Turudi kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipoifikia nchi hii, majeshi ya Waingereza yalikuja na magari madogo ya Ford. Bagamoyo ilitekwa kutoka baharini tarehe 15 Agosti 1916. Askari waliyapenda magari yale kwa wepesi wake, maana likizama topeni watu wachache hulinyanyua. Lakini masika yaliposhuka, madaraja yalisombwa, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, magari yakakwama, na mzigo ukarudi pale pale ulipokuwa tangu enzi za misafara, yaani kichwani mwa mwanadamu. Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu kati yao hawakurudi makwao. Jeshi lao la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukaligeuza likawa Kariakoo, na jina likabaki mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam. Hivyo mtaa uliopewa jina kwa ajili ya watu waliobeba mizigo pasipopitika kwa gari ndio leo, pamoja na jirani yake Gerezani, tunaouendea kutafuta klachi na breki. Huwa nalikumbuka hilo kila nipitapo pale na mfuko wa rambo mkononi.

Baada ya vita, Ford nyingi zilizokuja Tanganyika zilitoka Canada, kwa kuwa kampuni ya Ford ya huko, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyopewa haki ya kuuza katika makoloni ya Kiingereza. Baadaye zikaja za Dagenham, kando ya mto Thames, ambako kiwanda kilianza kutoa magari mwaka 1931. Kutoka Uingereza ndiko zilikokuja Anglia na Cortina zilizobeba walimu, makarani na madaktari wa enzi ya uhuru.

Na hapo Dagenham kuna jambo ambalo mkaza mjomba alilipenda kuliko yote niliyomletea. Vitambaa vya viti vya magari hayo vilishonwa na wanawake. Mwezi Juni 1968, mafundi cherehani 187 waliweka sindano chini, kwa sababu kampuni iliiweka kazi yao katika daraja la wasio na ujuzi, na kuwalipa pungufu kuliko mwanamume wa daraja hilo hilo. Viti vilipokwisha, magari yalisimama. Gari lisilo na kiti haliuziki. Baada ya wiki tatu walirudi kazini kwa ujira wa asilimia 92 ya ule wa wanaume, na mwaka 1970 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya malipo sawa. Kutambuliwa kwamba kushona ni ujuzi walikungoja hadi mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine. "Miaka kumi na sita," alisema mkaza mjomba, akipitisha uzi katika tundu la sindano bila kuvaa miwani. "Na mwanamume akikaza boti ni fundi siku ile ile."

Hapo akaniambia neno lililonifunza zaidi ya vitabu. Cherehani yake ni Singer, aliyoirithi kwa mama yake. Nayo ni jina la Kimarekani, la tangu mwaka 1851, wala hakuna redio iliyoitangaza kwamba imeshinda mashindano. "Sindano ikivunjika saa nne, saa tano nimenunua nyingine hapa hapa Magomeni," alisema. "Mkanda ukikatika, mtoto anatumwa. Hiyo Ford ya mjomba wako, ikivunjika Kiwangwa na mananasi yapo juu, mtoto anatumwa wapi?"

Mimi mwenyewe nilikua jirani na gari lililokaa juu ya mawe. Jina la mtengenezaji wake nalihifadhi, maana hakuwa na kosa. Mwenye gari alikosa kipuri kimoja, kisha akakosa fedha, kisha chumvi ya bahari ikamaliza yaliyosalia. Kuku walitaga katika kiti cha nyuma. Sisi watoto tuliliendesha kila siku hadi Nairobi na Kampala, na yule mzee alikuwa akitutazama kutoka dirishani bila kutufukuza. Nilipokuwa mdogo nilidhani anafurahia mchezo wetu.

Basi nikaendelea kupima jina la Ford kwa mizani ya mkaza mjomba, na mizani hiyo haikumpendeza mjomba kila mara. Katika miaka ya 1970 kampuni iliuza Marekani kigari kiitwacho Pinto, ambacho tangi lake la mafuta, kikigongwa kwa nyuma, liliweza kupasuka na kuwaka. Mwaka 1978 kampuni ililazimika kuyaita magari karibu milioni moja na nusu ya namna hiyo ili yarekebishwe.

Kisa cha matairi kinatuhusu zaidi. Tarehe 9 Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yao yakiwa yamefungwa katika gari la Ford liitwalo Explorer. Yalikuwa yakibanduka utando wa nje gari likiwa kasini, na gari likapinduka. Mwaka uliofuata Ford ikatangaza kuyabadilisha mengine milioni 13. Nchini Marekani zaidi ya vifo 250 vilihusishwa na matairi hayo. Kampuni hizi mbili, zilizofanya biashara pamoja kwa karibu miaka mia moja, ziligombana hadharani. Ford ilisema tairi ni bovu; Firestone ilisema gari ni bovu, tena Ford imewaelekeza wateja kujaza upepo mdogo mno. Na mwenyekiti wa Ford wakati huo, William Clay Ford mdogo, alikuwa kitukuu wa Henry Ford kwa baba na kitukuu wa Harvey Firestone kwa mama! Wakwe waliogombana kwa ajili ya mali tunawajua hata huku kwetu, lakini hawa waligombana mbele ya Bunge la nchi.

Nilimsomea mjomba kisa hicho polepole kwa sababu moja. Kilichoyaua matairi yale kilikuwa pamoja na joto, mzigo, mwendo wa kasi na upepo pungufu. Sasa itazame barabara ya Bagamoyo. Zamani, ilipokuwa ya udongo, dereva alilazimika kwenda taratibu kutoka Bunju, Mapinga, Kerege hadi Zinga. Lami imetupa mwendo. Jua la saa nane ni lile lile, na sijaona bado mtu anayepima upepo wa tairi kabla ya kupandisha tenga la mwisho la mananasi. Tairi halijui jina lililoandikwa mbele ya gari.

Jina lenyewe nalo limepata misukosuko. Mwaka 2006 kampuni, ikiwa katika hali mbaya, ilikopa kiasi cha dola bilioni 23.6, na katika vitu ilivyoviweka rehani ilikuwamo ile nembo yake ya buluu yenye umbo la yai. Kwa mkopo huo ilivuka msukosuko wa mwaka 2009, wakati General Motors na Chrysler zilipofilisika na kuokolewa na serikali ya Marekani. Nembo ilikombolewa mwaka 2012. Mjomba alitikisa kichwa. "Hata kofia yangu," alisema, "sijapata kuiweka rehani."

Jumamosi ya juma lililopita tulikwenda Gerezani pamoja, mjomba na mimi, tukiwa na karatasi iliyoandikwa na fundi mmoja wa Bagamoyo. Ilikuwa na vitu vinne ambavyo pikapu ya umri huo huvitaka mapema: sahani ya klachi, pedi za breki, chujio la dizeli na bolijointi. Katika duka la kwanza kijana alituuliza, kabla hatujasema neno, kama tunataka vya Hilux. Tulipotaja Ford alitutazama kwa huruma ya kweli, akatuelekeza mbele. Duka la pili lilitutuma la tatu. Mjomba alianza kutembea nyuma yangu.

Duka la nne alikuwapo mzee, kapu la nati miguuni, redio sikioni. Tulimwamkia, akaitikia, akaichukua ile karatasi. "Ya mwaka gani?" akauliza. Mjomba akajibu ya 2008. Mzee akacheka kidogo. "Basi msitembee mkiuliza Ford. Ulizeni Mazda. Hii ni BT-50 iliyovaa kofia nyingine."

Na hivyo ndivyo ilivyo, msomaji. Ranger za miaka ile, zile zilizouzwa nje ya Marekani kabla ya umbo jipya la mwaka 2011, ziliundwa juu ya pikapu ya Mazda ya Japani, kampuni ambayo Ford ilikuwa na hisa ndani yake kwa miaka mingi. Injini ya dizeli ni ya ukoo huo huo, na vingi vya chini vinaingiliana. Merikani iliyofumwa Bombay! Nilimweleza mjomba kufanana huko nikidhani atafurahi. Alisimama katikati ya njia, mkokoteni ukampigia kelele, akaniuliza kama maana yake ni kwamba Escort ya mwaka 1972 haimo kabisa ndani ya gari lile. Nilimwambia haimo. Tukanyamaza mpaka kituoni.

Katika vile vinne, kwa jina la Mazda tulipata vitatu siku hiyo hiyo. Cha nne, sahani ya klachi, mzee alisema kinaagizwa, na anayeagiza hutanguliza fedha. "Mimi sina chuki na gari," alieleza. "Dukani naweka cha gari lililo jingi mtaani. Lililo chache namwagizia mwenyewe." Nilizinakili bei zote katika daftari, kama nilivyotumwa na mkaza mjomba, na kando yake nikaandika bei za vitu hivyo hivyo kwa pikapu mbili nyingine zilizo nyingi barabarani.

Jioni daftari lilisomwa barazani kwa sauti. Mkaza mjomba alijumlisha mwenyewe. Kisha alisema fundi aende akalale chini ya gari, asilitazame kwa juu kama mchumba, na agongegonge fremu kwa nyundo, kwa sababu muuzaji anakaa karibu na bahari. Fundi alikwenda Jumatatu. Alikuta fremu nzima, injini inayowaka kwa mara moja asubuhi, klachi inayoteleza, na kutu iliyotoboa chini ya bodi ya nyuma mahali panapoweza kuchomelewa.

Kwa hiyo jibu nililompa mjomba, na ninalokupa wewe uliye na fedha kidogo na hamu kubwa, ni kwamba Ford ni gari. Kuhusu swali la mkewe, pikapu ile itakuwa gari la Bagamoyo kwa masharti: klachi iagizwe kabla ya tenga la kwanza kupakiwa, bodi ichomelewe, matairi yawe mapya na yapimwe upepo kila asubuhi, na fedha ya vipuri itengwe mbali na fedha ya mananasi. Mjomba aliniuliza kama sharti la mwisho liliandikwa na mimi au na mkewe.

Wamempelekea muuzaji bei mpya, wakiwa wamepunguza thamani ya klachi na kazi ya kuchomelea. Hajajibu hadi ninapoandika haya. Mjomba anapita kwake kila jioni akitoka msikitini, kwa kisingizio cha kumsalimu, na huwa analizunguka gari mara moja kabla ya kuaga.